Karata na Safari Zake

Ukimwomba mzee wa Gazi au wa Vanga aliyezoea mchezo akutajie alama nne za karata, yamkini atakujibu pasipo kufikiri: kopa, uru, shupaza na pao. Mwulize tena maneno hayo yana maana gani nje ya mchezo, naye huenda akacheka tu. Uru ni uru, atasema, na shupaza ni shupaza. Lakini maneno hayo manne yana maana zake, tena za kale, na mtu akiyafuata nyayo zake atajikuta amefika Lisbon, kisha Kairo, kisha Kyoto, na mwisho amerudi Ukunda, anapoweza kumkuta kijana wa siku hizi ameketi na mwenziwe wakibadilishana karata zenye picha za majoka na wachawi. Nataka, msomaji wangu, tuifuate safari hiyo pamoja.

Tuanze na maana. Katika lugha ya Kireno neno copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, espadas ni panga, na paus ni marungu. Karata za Wareno wa zamani zilichorwa vitu hivyo hasa: vikombe, sarafu za dhahabu, panga na marungu. Karata tununuazo madukani leo hazina picha hizo. Zina moyo mwekundu, kipande chenye pembe nne, jani jeusi na ua la majani matatu, nazo ni picha zilizobuniwa Ufaransa katika karne ya 15. Basi tazama ajabu hii: mchezaji wa Msambweni atazama moyo na kuuita kikombe, atazama jani na kuliita upanga, wala haoni kosa lolote. Na kwa kweli hakuna kosa, kwa kuwa Wareno wenyewe hufanya vivyo hivyo hata leo. Picha zilibadilika mkononi, majina yakabaki mdomoni.

Majina hayo yalifikaje kwetu? Merikebu za Vasco da Gama zilipita pwani yetu mwaka 1498. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa, wakakaa humo mpaka ilipotekwa na Waomani mwezi wa Desemba mwaka 1698, na baadaye wakarudi kwa muda mfupi tu, mwaka 1728 hadi 1729. Hiyo ni miaka mia mbili ya kuonana, kufanya biashara, kupigana na kupatana. Katika miaka hiyo askari na mabaharia walikaa kitako siku nyingi wakingoja upepo, na kila aliyewahi kungoja upepo wa kaskazi au wa kusi ajua kwamba kazi kubwa ya mwenye kungoja ni kutafuta la kufanya. Mchezo ulio mwepesi kuchukuliwa mfukoni ulikuwa na nafasi nzuri ya kuenea. Kutoka Mombasa hadi Wasini na Vanga si mbali kwa mashua, na pwani yote hii ya kusini ilikuwa ikipokea habari za kisiwani pamoja na bidhaa zake.

Wareno wakaenda zao, lakini hawakuondoka na maneno yao. Meza tunayolia chakula, leso wanazojifunga mama zetu, bendera, mvinyo, na mkanju unaozaa korosho katika mashamba ya Msambweni, yote hayo ni majina yaliyotoka kwao. Hata gereza limetoka katika igreja, neno lao la kanisa. Na historia ikaongeza mzaha wake, kwa kuwa ngome ile yao ilitumiwa kuwa gereza kwelikweli tangu mwaka 1895 hadi 1958. Karata ni neno carta lenyewe. Turufu, ile karata ishindayo zote, ni trunfo, ambalo asili yake ni neno la ushindi.

Hapa nakuomba utulie kidogo, maana jambo hili lahusu kazi yenyewe ya mwanahistoria. Tangu mwaka 1958 James Kirkman aliichimba ngome ile, na humo vikaonekana vigae vya sahani za China na za Uajemi na vitu vingine vilivyodumu ardhini. Karata ni karatasi. Katika joto na umande wa pwani haikai hata miaka michache. Wachezaji wa ngome ile walicheza maelfu ya mara, na mikono yao yote imepotea. Kilichobaki ni neno. Neno uru katika kinywa cha mzee wa Vanga ni kigae kama kile cha sahani, ila hiki hakihitaji jembe kukifukua. Kinahitaji mtu wa kuuliza, na kinahitaji kuulizwa mapema, kwa sababu mzee naye hadumu. Nasikia vijana wengi wakisema sasa maua na daimondi, hata mbele ya babu zao, na sioni kwamba wanakosa adabu. Lakini kila kijana asemapo hivyo, kigae kimoja kimerudi mchangani.

Sasa wewe msomaji mwenye akili waweza kuniuliza: je, mchezo huu ni wa Wareno tangu asili? La. Wazungu waliupokea katika karne ya 14, na mwaka 1377 wakuu wa mji wa Florence walikuwa wamekwisha toa amri juu yake. Waliupokea kutoka nchi za Waislamu. Katika jumba la Topkapi huko Istanbul zimehifadhiwa karata za Misri ya wakati wa Wamamluki, zenye nakshi za dhahabu, na alama zake ni vikombe, sarafu, panga na fimbo za kuchezea polo. Polo haikujulikana Ulaya, kwa hiyo fimbo zile zikageuka kuwa marungu, ndiyo pao yetu. Karata za wakubwa katika seti hiyo zilikuwa tatu: mfalme, naibu, na naibu wa pili. Kutokana na naibu huyo Waspania wakaziita karata naipes. Na neno naibu tunalo, sote twalijua, maana kila shule ina naibu wa mwalimu mkuu. Basi karata zilitoka Misri, nchi iliyofungamana na bahari zetu kwa biashara ya kale, lakini hazikuacha alama yake kwetu kwa njia hiyo fupi. Zilizunguka Ulaya nzima, zikapita Rasi ya Tumaini Jema, ndipo zikatufikia na majina ya Kireno.

Neno karata lina ndugu ambao hawajuani. Wayunani waliita karatasi khartes. Warumi wakalichukua wakasema charta, na Wareno wakapata carta, nasi karata. Waarabu nao walilipokea neno lile lile la Kiyunani, wakasema qirtas, nasi tukapata karatasi. Katika nyakati za Waingereza likaja mara ya tatu kwa mlango mwingine, likawa kadi. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba alipewa kadi ya karatasi, kisha akaenda kucheza karata, ametaja neno moja mara tatu, na kila moja lilipanda chombo chake.

Waomani walipoishika pwani, mchezo haukufa, bali ulivikwa nguo nyingine juu. Karata ya picha ya kijana iliitwa ghulamu, neno la Kiarabu la mvulana au mtumishi. Kamusi za zamani zaonyesha pia kwamba karata za picha ziliitwa wazungu, zikihesabiwa mzungu wa pili, wa tatu na wa nne. Gazi yenyewe ilikuwa makao ya tawi moja la Wamazrui baada ya kupoteza utawala wa Mombasa mwaka 1837, na humo mtu alisikia Kiarabu na Kiswahili na Kidigo siku moja. Sioni ajabu kwamba katika mkono mmoja wa karata kulikuwa na uru wa Kireno na ghulamu wa Kiarabu. Pwani ndivyo ilivyo.

Lakini merikebu za Wareno hazikukoma kwetu. Mwaka 1543 Wareno walifika Japani, na huko nako wakaacha karata zao pamoja na jina lake, ambalo Wajapani walilitamka karuta. Sikiliza maneno hayo mawili: karata, karuta. Watu wawili wasioonana walisikia neno moja, kila mmoja akalikalisha katika lugha yake. Na kama vile Wareno walivyofukuzwa Mombasa mwaka 1698, walifukuzwa Japani mwaka 1639. Huku na huko wageni walikwenda, mchezo ukabaki. Watawala wa Japani walipiga marufuku karata za kigeni kwa sababu ya kamari, na watu wakawa werevu: kila aina ilipokatazwa walibuni picha mpya. Mwisho wa werevu huo ni karata za maua ziitwazo hanafuda, karata 48 zilizogawanywa kwa miezi 12, na ile 48 ndiyo hesabu ya karata za Wareno wa kale. Marufuku ilipolegea, mtu mmoja wa Kyoto, Fusajiro Yamauchi, alifungua mwaka 1889 duka la kutengeneza hanafuda. Aliliita Nintendo.

Jina hilo vijana walijua kuliko mimi. Mwaka 1996 kampuni hiyo ilitoa mchezo wa mashine wenye viumbe vya kubuni viitwavyo Pokémon, na mwaka huo huo huko Japani vikatolewa katika karata za kukusanya. Wazo la karata hizo lilikuwa limekwisha zaliwa Marekani, mwezi wa Agosti mwaka 1993, wakati Richard Garfield, mtaalamu wa hesabu, alipotoa mchezo uitwao Magic: The Gathering. Kukusanya peke yake hakukuwa jipya. Tangu miaka ya 1880 wauza sigara wa Marekani walitia vikaratasi vya picha katika pakiti, na watu wakavikusanya na kubadilishana. Jambo jipya la Garfield lilikuwa kuyaunganisha mawili: picha za kukusanya zikawa karata za kuchezea.

Fahamu uzito wa badiliko hilo. Katika karata za babu zetu seti ni moja, karata 52, na wachezaji wote hugawiwa humo. Tajiri na maskini wakiketi mkekani, hakuna aliyekuja na turufu kutoka nyumbani. Akija nayo ataitwa mwizi. Katika bao ni hivyo hivyo: mashimo 32, kete 64, nusu kwa nusu. Lakini katika mchezo huu mpya kila mtu huja na karata zake mwenyewe, 60 kwa desturi, alizozichagua kutoka katika maelfu. Ustadi huanza kabla ya kuketi. Ndiyo raha yake, nami sitaidharau, kwa kuwa kuchagua karata 60 zitakazosaidiana ni kazi ya akili kama kupanga shairi. Ila mkoba nao huketi mkekani pamoja na wachezaji.

Tena karata hizi huuzwa katika pakiti iliyofungwa, na mnunuzi hajui kilichomo. Zilizo nyingi ni za kawaida, na chache ni adimu. Anayetaka ile adimu hununua tena na tena. Wazazi wengine huziona wakazichoma, wakidhani ni uchawi kwa sababu ya picha zake. Nadhani wamelenga pabaya. Joka la karatasi halijamroga mtu. Kitu cha kuangalia ni nauli ya shule iliyokwenda katika pakiti ya tatu na ya nne, kwa kuwa kulipa fedha na kungoja bahati ni jambo ambalo wazee wetu walilijua sana, nao walilipa jina la kamari. Watoto wa pwani wamecheza kwa korosho tangu zamani, wakashinda na kushindwa, lakini aliyepoteza korosho alikwenda chini ya mkanju akaokota nyingine. Pakiti haiokotwi. Kubadilishana, kwa upande wangu, ni bora kuliko kununua: hapo kijana hujifunza thamani ya kitu alicho nacho, na hulazimika kusema na mwenziwe.

Wajapani hawaziiti karata hizi mpya karuta. Walichukua neno la Kiingereza wakasema kādo, kama nasi tulivyosema kadi, na karuta wakaliacha kwa michezo ya kale. Kwetu jambo halijakatika bado. Nimewasikia vijana wa Diani wakiziita kadi, na wengine karata, katika mazungumzo yale yale.

Ukipata nafasi, chukua daftari uende kwa mzee wa kijiji chenu aliyekuwa mchezaji. Mwamkie kwanza, mkae. Anza na ree, ile karata ya alama moja, kisha uulize garasa, ile isiyofaa kitu, na jinsi walivyoita za picha. Andika jina kama analolitamka yeye, si kama kamusi inavyotaka, na pembeni yake uandike kijiji na mwaka.