Lugha Iliyozaliwa Bwenini

Msomaji, ukitoka mjini Kisumu kwa njia ya magharibi utafika Kisian, na hapo barabara hugawanyika. Moja hupanda vilima kwenda Maseno, palipo na chuo kikuu karibu na mstari wa ikweta. Ya pili hushika upande wa ziwa mpaka Bondo, palipo na chuo kikuu kingine, chenye jina la Jaramogi Oginga Odinga. Cha Maseno kilipata hadhi kamili mwaka 2001, na cha Bondo mwaka 2013. Lakini habari ninayotaka kukusimulia ilianza zamani kuliko vyuo hivyo. Ilianza mwaka 1961 huko Nyangoma, mahali pasipo mbali na Bondo, ambapo Kanisa Katoliki lilifungua shule ya watoto viziwi. Mwaka huo huo shule nyingine ya namna hiyo ilifunguliwa Mumias.

Kabla ya hapo mtoto kiziwi wa kando ya ziwa alikuwa na ishara chache tu za nyumbani kwao: ya kula, ya maji, ya ng'ombe, ya mama. Nje ya boma lao hapakuwa na mtu aliyezifahamu. Basi hebu wazia watoto kama hao wanakusanywa pamoja kwa mara ya kwanza, kila mmoja na ishara zake, na usiku wanalala bweni moja.

Darasani walifundishwa kusema kwa kinywa na kusoma midomo ya mwalimu. Desturi hii ilitoka mbali. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana mjini Milan, Italia, wakaazimia kwamba usemi wa kinywa ndio njia bora, na ishara zikaondolewa katika shule nyingi za Ulaya. Tusiwalaumu mno walimu wa Nyangoma na Mumias, kwa kuwa walifuata elimu ya wakati wao. Walakini simama mbele ya kioo, msomaji, utamke bila sauti maneno haya matatu: baba, mama, papa. Midomo hufumba na kufumbuka vile vile. Mtoto ambaye hajapata kusikia neno lolote atajuaje kama aliyetajwa ni mzazi wake au ni samaki?

Kwa hiyo palikuwa na shule mbili ndani ya shule moja. Mchana watoto walihangaika na midomo. Jioni, uwanjani na bwenini, mikono yao ilisema. Ishara za huyu zilikutana na za yule, wakubwa wakawarithisha wadogo, na wahitimu wakazichukua kwenda kwingine. Katika shule hizo mbili ndiyo mizizi ya Lugha ya Ishara ya Kenya. Nayo si Kiingereza kilichotiwa mikononi. Ina taratibu zake yenyewe, neno la kuuliza, kwa mfano, mara nyingi huja mwisho, kama sisi tusemavyo, "Unakwenda wapi?"

Ilipofika miaka ya 1980 ishara zilianza kukubaliwa darasani. Miongoni mwa waliozitetea alikuwa Michael Ndurumo, Mkenya aliyepoteza kusikia utotoni, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, mwaka 1980, kisha akarudi kufundisha katika vyuo vikuu vya Kenya. Baadaye sheria ya mwaka 2003 ilikataza mtu kunyimwa nafasi ya masomo kwa sababu ya ulemavu, na Katiba ya mwaka 2010 ikaifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge.

Nafasi ya masomo ni jambo moja, na kuelewa somo ni jambo jingine. Katika ukumbi wa chuo kikuu mwanafunzi kiziwi huhitaji mkalimani wa ishara. Tena yafaa wawe wawili wapokezane, maana kazi hiyo huchosha mikono na akili upesi. Hata hivyo hayatoshi. Wewe waweza kumsikiliza mhadhiri huku macho yako yakiwa katika daftari. Yeye akiinama kuandika, mkalimani amempotea. Hivyo huhitaji pia mwenzake wa kumwandikia. Na je, istilahi za kemia au za sheria, ambazo watoto wa bwenini hawakuwa na haja nazo? Ama mkalimani huzitaja herufi kwa herufi kwa vidole, ama yeye na mwanafunzi hukaa chini kabla ya somo wakakubaliana ishara mpya.

Hayo sikuyajua nilipokuwa katika chuo cha ualimu. Darasani mwetu alikuwamo msichana kiziwi, wala mkalimani hakuwapo. Mkufunzi mmoja alikuwa na mazoea ya kusema akiuelekea ubao. Muhula mzima nilidhani mwenzetu hapendi masomo, kwa kuwa katika kipindi hicho alitazama dirishani. Siku moja alivuta daftari langu taratibu, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akaandika pembeni kwa penseli: "Kumbe hivi ndivyo alivyosema?" Tangu siku ile niliandika kwa karatasi ya kaboni, nakala mbili.