Daftari la Ulimwengu

Mali bila daftari huisha bila habari. Usidhani, msomaji, kwamba methali hii ni ya wenye maduka peke yao. Wataalamu wa fizikia nao wana daftari lao, na sharti lake ni moja: nguvu haiumbwi wala haipotei, hugeuka sura tu.

Mwaka 1914 James Chadwick, alipokuwa Berlin, alipima elektroni zinazorushwa na atomu zinapovunjika. Nyingine zilitoka na nguvu nyingi, nyingine kidogo, na nguvu iliyobaki haikuonekana ilikokwenda. Baadaye hata Niels Bohr, mtaalamu mkubwa, alikuwa tayari kuliacha lile sharti. Lakini tarehe 4 Disemba 1930 Wolfgang Pauli aliwaandikia barua wenzake waliokutana Tübingen, Ujerumani. Alikisia kwamba ipo chembe ndogo isiyo na umeme, itorokayo na nguvu hiyo. Chembe hiyo, tuiitayo nyutrino, haikunaswa mpaka mwaka 1956, Frederick Reines na Clyde Cowan walipoona alama zake karibu na mtambo wa nyuklia huko Marekani.

Sasa rudi nami nyuma miaka bilioni 13.8, ulimwengu ulipokuwa mchanga na wenye joto kali. Sekunde moja hivi baada ya mwanzo, nyutrino za aina tatu ziliachana na vitu vingine zikashika njia yao. Je, kama palikuwapo pia chembe nzito, ikaishi kitambo kisha ikavunjika, vipande vyake vilikwenda wapi? Kama vilikuwa vyepesi visivyotoa nuru, vingekimbia karibu na mwendo wa nuru yenyewe. Huo ndio uitwao mnururisho wa giza.

Waweza kuuliza: kisichoonekana kitahesabiwaje? Nguvu ya vipande hivyo ingeharakisha kupanuka kwa ulimwengu, na kuacha alama katika nuru kongwe kuliko zote, ambayo Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza kuigundua mwaka 1965. Wataalamu wakapiga hesabu: zikiwa ni nyutrino peke yake, jumla itakuwa 3 na kitu kidogo, ikizidi sana, pana mgeni.

Karibu na mwaka 2010 vipimo vilielekea 4, na wengi wakaanza kumtafutia mgeni jina. Lakini chombo Planck, kilichorushwa angani na nchi za Ulaya mwaka 2009, kilipima kwa makini zaidi. Matokeo ya mwaka 2018 yalikuwa 2.99, yenye shaka ya 0.17 juu au chini. Mgeni hakuonekana, kama yupo, fungu lake ni dogo mno.

Tazama basi, msomaji. Pauli alikisia, na kipimo kikamthibitisha. Wa baadaye walikisia kwa njia ile ile, na kipimo kikawanyima. Wote walifanya kazi ya haki, kwa kuwa walikubali kuhukumiwa na hesabu. Nawe kisia bila woga, ila usilifunge daftari kabla ya kupima.