Mirija, Visanduku na Mafuvu ya Taita

Mawe ya Voi hayana visukuku vya bahari. Yalipikwa chini ya ardhi kabla hata briozoa wa kwanza tunaowajua vizuri hawajakuwapo, ndiyo maana huku kwetu watu wanachimba vito, si makombe. Lakini panda matatu ya Mombasa. Taru, Mariakani, Mazeras: majina ya vituo hivyo ndiyo wanajiolojia waliyoipa miamba, na kadiri unavyoteremka miamba inazidi kuwa changa. Kambe kuna chokaa ya bahari ya zama za dinosaria. Kisiwani Mombasa unakanyaga matumbawe ya juzi tu, miaka laki moja na kitu.

Nilisoma biolojia mwaka mmoja na nusu kabla karo haijanishinda, na mnyama aliyenibaki kichwani ni briozoa. Ukimwona juu ya jiwe au jani la mwani utadhani ni ukoko wa chokaa. Kumbe ni mtaa mzima. Kila mmoja ana chumba chake, mara nyingi kisichofika milimita moja, anachomoza mikono laini kula kisha anajirudisha ndani. Akifa, nyama inaoza, nyumba inabaki. Anayechimba visukuku na anayeokota walio hai wanakutana hapo tu, kwenye nyumba.

Zamani wataalamu waliwapanga kwa umbo la koloni: huyu kama mti, huyu kama zulia. Shida ni kwamba aina moja inaweza kutambaa hapa na kusimama pale, na aina mbili zisizo na undugu zikafanana kabisa. Karne ya 19, watu kama Fredrik Smitt wa Sweden na Thomas Hincks wa Uingereza wakahamishia macho kwenye chumba chenyewe. Mlango una umbo gani? Ukuta una vitundu? Kuna kichumba cha kulelea mayai? Kundi moja likaonekana lina mirija yenye mdomo wa duara, jingine visanduku vyenye kifuniko. Wenye visanduku walichelewa kutokea, mwishoni mwa Jurasiki, kwa hiyo kwenye chokaa ya Kambe, iliyo kongwe zaidi, wewe tafuta mirija.

Mwaka 1901 na 1902 Cyril Crossland alikusanya viumbe wa bahari Zanzibar na pwani yetu. Briozoa wake walimfikia Arthur William Waters, aliyechapisha maelezo yao London mwaka 1913 na 1914. Waters alishughulikia visukuku pia, na vifuniko alivipa uzito sana. Lakini kifuniko si chokaa. Kwenye kisukuku kwa kawaida kimeshapotea, limebaki tundu.

Je, nyumba tupu inatosha kumtambua mwenyewe? Mwaka 1990 Jeremy Jackson na Alan Cheetham walichukua briozoa hai wa Karibi, wakawatenga kwa viunzi pekee, halafu wakapima jeni zao. Viunzi vilifaulu mtihani.

Sasa, silinganishi watu na briozoa. Ila milimani kwa Wataita, mwili ukishaoza, wazee walifukua fuvu na kulihifadhi kwenye pango la ukoo. Enzi za ukoloni mafuvu mengi yalipelekwa Uingereza, na mwaka 1931 yakachapishwa kama vipimo. Baadaye Mmarekani William Howells akapima 83 na kuyaweka kwenye kitabu chake cha 1973, pamoja na ya watu wa dunia nzima. Leo fuvu lisilojulikana likiokotwa mahali, kompyuta inaweza kulilinganisha na yetu. Hapa mtihani kama ule wa Karibi unagoma, kwa sababu binadamu wote ni aina moja. Unapima nini basi?

Jedwali lenyewe liko bure intanetini. Nililifungua kwenye cyber moja hapa Voi. Kila mstari una namba ya fuvu, jinsia, neno “Teita” kwa herufi e, halafu milimita, milimita, milimita. Safu ya jina hakuna. Wazee waliyoyapanga pangoni walijua lipi ni la nani.