Salamu kwa Tusiowajua: Kutoka "Ugua Pole" hadi Al Nahda



Anayetembea hapa Al Nahda, kuanzia kituo cha metro kilichofunguliwa 2011 hadi mpakani na Sharjah, hukuta karatasi zimebandikwa kwenye nguzo, ingawa manispaa inakataza. Karibu zote zinasema jambo moja: kitanda cha kupanga, karibu na metro, na namba ya simu. Ni maandishi ya mtu kwa mtu asiyemjua, nasi hatuyadharau, maana wengi wetu tulipata pa kulaza ubavu kwa njia hiyo hiyo. Ila karatasi ya kumtia moyo mpita njia hatujaiona.

Vijana wetu wamesikia kwamba nchi za Magharibi wapo watu wanaoacha vikaratasi vya faraja kwenye viti vya basi na ndani ya vitabu vya maktaba, bila jina, aokote atakayeokota. Wametuuliza kwa nini sisi Waswahili hatuna desturi kama hiyo. Tunawajibu kwamba tulikuwa nayo, tena kubwa, na ya kwetu ilikuwa na jina la mtu na sanduku lake la posta.

Waliokulia Tanzania wanakikumbuka kipindi cha "Ugua Pole" cha Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio yenyewe ilianza 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na 1965 ndipo ikaitwa Radio Tanzania. Kazi ya kipindi ilikuwa moja tu, kuwasomea wagonjwa salamu. Mtu wa mkoani ambaye nduguye amelazwa Muhimbili, wodi ya Kibasila, Mwaisela au Sewa Haji, na nauli ya kwenda kumwona hana, aliandika kadi, akabandika stempu, akaipeleka posta. Kisha alisubiri, siku nyingine wiki kadhaa. Yawezekana kadi ilisomwa mgonjwa akiwa amekwisha kurudi kwao, au amekwisha kuzikwa. Hilo lilijulikana, na bado watu waliandika.

Jambo lenyewe liko hapa. Redio wodini haikuwa ya mtu mmoja. Salamu ya mgonjwa wa kitanda hiki ilisikiwa na wa kitanda cha pili na cha kumi, na waandishi walilijua hilo, kwa hiyo wakazidisha maneno: pamoja na wagonjwa wengine wote, wauguzi na madaktari, Mungu awape nafuu. Walikuwapo pia walioandika bila kuwa na mgonjwa wao hospitalini. Huyo wa mwisho ndiye tunayemtafuta katika makala haya, aliyenunua stempu kwa fedha yake ili kumwambia asiyemjua "ugua pole".

Salamu za redio hazikuishia hospitalini. Kenya nako, enzi za Sauti ya Kenya iliyorudia jina la KBC mwaka 1989, vipindi vya salamu vilikuwa na wafuasi wasiohesabika. Kadi ilikuwa na mpangilio wake: jina la anayesalimu na anwani yake, orodha ya wanaosalimiwa, kisha ujumbe, kisha wimbo. Ujumbe ndio uliokuwa wa kila msikilizaji: neno la subira, la kuonya, la kutia moyo. Tanzania iliporuhusu redio za watu binafsi katika miaka ya 1990, kadi za salamu zilichapwa na kuuzwa madukani kama sabuni. Wasalimu wakajipa majina ya kisalamu, wakajuana kwa majina hayo kabla ya kuonana sura, wakaunda vyama, wakaanza kuhudhuriana harusi na misiba. Wapo waliowacheka, wakiwaita watu wasio na kazi. Sisi tunaona waliocheka hawakuangalia vizuri. Mtu wa Tarime akienda kumzika mtu wa Tanga kwa sababu walisalimiana redioni, huo ni udugu uliojengwa na kadi ya posta.

Ndiyo maana tunalishikilia lile jina. Kikaratasi kisicho na jina humfariji mwokotaji dakika moja, na ni jambo jema. Lakini hakuna mlango wa kugonga kesho yake.

Wazee wetu wa Ghuba nao wana yao. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, familia nyingi zilihama, na baadhi zikafikia hapa Dubai, nyingine zikikaa hadi njia ya Oman ilipofunguka baada ya 1970. Simu haikuwa kitu cha kila nyumba. Kulikuwa na barua za mkono, anazokabidhiwa msafiri azifikishe kwa mtu asiyemjua. Msafiri hakuishia kukabidhi bahasha. Alikaribishwa kahawa, akaulizwa habari za Unguja, akaeleza.

Sasa kila mtu ana simu, na kila asubuhi tunapokea picha ya waridi na kikombe cha chai iliyopita mikono mia. Imetumwa kwa wote, haikuandikwa kwa yeyote. Na wakati huo huo wapo kati yetu, wafanyakazi wa majumbani, walinzi, madereva, wanaolazwa hospitali wiki nzima wasitembelewe. Ubaya haupo. Hakuna tu aliyeambiwa.

Mara moja tuliona ile desturi ya zamani ikirudi. Ilikuwa 16 Aprili 2024, siku ya mvua iliyoweka rekodi nchini tangu vipimo vilipoanza 1949. Barabara ziligeuka mito, maduka hayafikiki. Kwenye lifti ya jengo letu mtu alibandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: tuna maji ya kunywa na mchele, mwenye mtoto au mgonjwa abishe hodi bila haya. Chini yake jina na namba ya flati. Kufika jioni, karatasi ile ilikuwa na majina mengine manne chini yake, ya watu wa nchi tatu.

Basi, kuanzia toleo lijalo ukurasa wa mwisho wa jarida hili utakuwa na nafasi ya salamu. Andika jina lako, mji utokako na mtaa unaokaa, kisha unayemsalimu, hata kama ni "mgonjwa yeyote wa Afrika Mashariki aliyelazwa wiki hii", na ujumbe usiozidi maneno 30. Jina la mgonjwa halitachapwa bila idhini yake. Kadi zikabidhiwe kwa yule anayekuletea jarida. Wimbo, kwa bahati mbaya, hatuwezi kuupiga.