Shaba na Ushanga: Mapambo ya Wazee wa Lualaba

Watu wengi hudhani ya kuwa mapambo ni mambo ya wanawake na watoto, wala hayana historia. Mtu akitaka kujua habari za kale huuliza habari za wafalme na vita. Lakini vita vikiisha, majani huota juu yake. Kikuku cha shaba hukaa udongoni miaka elfu, na siku kikifukuliwa chaweza kutuambia nani alikivaa, shaba yake ilitoka wapi, na jirani gani walifanya biashara na nani. Basi, wasomaji wapenzi, leo tuyaulize mapambo.

Mwaka 1957 Mbeleji mmoja, jina lake Jacques Nenquin, alichimba mahali paitwapo Sanga, ukingoni mwa ziwa Kisale, pale Lualaba unapopita katika bonde la Upemba. Mwaka 1958 Jean Hiernaux aliendelea na kazi ile, na tangu 1974 Pierre de Maret alirudi kuchimba papo hapo na mahali pengine pa jirani. Walikuta nini? Makaburi, na tena makaburi. Kwa jumla, katika bonde lile yamefunuliwa zaidi ya 200. Wafu walikuwa wamelazwa pamoja na vyungu vizuri sana, majembe na visu vya chuma, vitu vya pembe za ndovu, na juu ya miili yao mikufu, vikuku na mishipi ya shaba. Walipopima umri wa vitu hivi waliona ya kuwa vingi ni vya miaka ya 900 mpaka 1300 hivi, na vingine ni vya zamani zaidi. Yaani kabla ya Wareno kufika kwenye mdomo wa mto Kongo mwaka 1482, mafundi wa Lualaba walikuwa wamekwisha kufua shaba muda wa karne nyingi.

Tena kuna jambo la kugusa moyo. Watoto nao walizikwa kwa heshima. Vyungu vya kaburi la mtoto vilikuwa vidogo kwa kipimo chake, kana kwamba mfinyanzi alikaa akafikiri mikono ile midogo ingeweza kushika nini. Na baadhi ya watoto hao wana mapambo mengi ya thamani. Mtoto wa miaka michache hawezi kuwa ameyapata kwa jasho lake. Basi twajua ya kuwa katika inchi ile mali na cheo vilirithiwa.

Sasa fikirini: karibu na ziwa Kisale hakuna shaba hata kidogo. Machimbo yako kusini, upande wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi za leo, kadiri ya kilometa 300. Kila kikuku cha Sanga kimetembea safari hiyo mabegani mwa watu. Na watu wa ziwa walilipa kwa nini? Yaonekana kwa samaki wakavu, maana bonde lile lina samaki wengi kupita kiasi, na wachimbaji wa kusini walihitaji chakula.

Kazi ya shaba wenyewe waliiita kula shaba. Monsenyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto wa Katanga, aliandika habari zake mwaka 1926, wakati wazee walioifanya kazi ile ujanani walipokuwa wangali hai. Kazi ilianza kiangazi, baada ya mavuno. Watu walichimba yale mawe ya kijani, wakayachagua, wakayapeleka kwenye tanuru iliyojengwa kwa udongo wa kichuguu. Makaa yaliwekwa kwa zamu pamoja na mawe, mivukuto ya ngozi ikapuliza, na shaba ikatiririka chini. Kiisha waliiyeyusha mara ya pili na kuimimina katika umbo walilotaka. Misalaba ya shaba ambayo Katanga ilijulikana kwayo ilipatikana hivyo. Katika makaburi ya Sanga ya miaka ya 1300 na baadaye, misalaba hiyo iko nyingi juu ya kifua au karibu na mikono. Mwanzoni ni mikubwa kidogo, halafu inazidi kuwa midogo na kufanana, na hapo ndipo tunaona kitu cha thamani kikigeuka kuwa fedha. Lakini tusiwasahau wafuaji kwa ajili ya wayeyushaji. Kuyeyusha ni kazi ya nguvu na siri. Kufanya uzi wa shaba ni kazi ya subira.

Fundi wa uzi alitwaa kijiti cha shaba, akakifua kwenye fuawe mpaka kikawa chembamba, akachonga ncha yake. Ncha hiyo aliipitisha katika chuma chenye tundu, akaishika kwa koleo, akavuta kwa nguvu zote. Shaba ilitoka upande wa pili ni nyembamba kidogo na ndefu kidogo. Tena tundu lingine dogo zaidi, na tena lingine. Shaba ikivutwa sana hukaza, ikataka kukatika. Hapo huirudisha motoni mpaka iwe nyekundu, na ikipoa imelainika tena. Wasiojua hufikiri fundi apoteza wakati. Kumbe asipofanya hivyo kazi yote ya asubuhi hukatika mkononi. Mwaka 1960, huko Ingombe Ilede karibu na mto Zambezi katika inchi ya Zambia, yalifunuliwa makaburi ya miaka ya 1400 na 1500 ambamo watu walizikwa pamoja na vyombo hivi vya kuvutia uzi, mafungu ya nyuzi za shaba na misalaba ya shaba. Bila shaka walionea fahari kazi yao.

Uzi ulipokuwa mwembamba vya kutosha uliviringishwa juu ya nyuzi za mmea au nywele za mkia wa mnyama, pindo kwa pindo, bila nafasi katikati. Hiyo ndiyo sambo, bangili nyepesi, yenye kunyumbuka, isiyoumiza mkono. Wanawake walivaa sambo nyingi miguuni, na katikati yake wakatia ushanga. Shaba iling'aa nyekundu, ushanga ukang'aa bluu au mweupe. Katika kuunganisha vitu viwili vile mwanamke alionyesha akili yake mwenyewe.

Lakini ushanga je? Hapa habari inabadilika. Ushanga wa kioo haukufanywa Lualaba. Katika makaburi ya kale ya Sanga umo kidogo tu, pamoja na simbi chache za bahari. Ulitoka pwani ya Bahari ya Hindi, ambako majahazi yaliuleta kutoka Uhindi. Hatuna haja ya kufikiri ya kuwa mtu wa Kisale aliiona bahari. Kitu kilipita kutoka mkono mpaka mkono, kijiji mpaka kijiji, na kila mkono ulibakiza faida yake. Karne za baadaye ushanga uliongezeka, na karne ya 19 ulikuja kama mafuriko. Wakati huo sehemu kubwa ilitoka Venezia, katika inchi ya Italia, ambako tanuru za kioo zilihamishiwa kisiwa cha Murano tangu mwaka 1291. Huko mafundi wawili walishika bonge la kioo cha moto lenye tundu la hewa katikati, mmoja huku na mmoja huku, wakakimbia kuachana mpaka kioo kikawa mrija mrefu mwembamba. Mrija ulikatwa vipande vidogo, na vipande vikazungushwa motoni mpaka makali yake yakaviringika. Nao wale walikuwa na tundu la siri lao na subira yao, kama wavuta shaba wetu.

Wapagazi wa misafara walibeba ushanga kutoka Bagamoyo mpaka Tabora na Ujiji, kila mtu kadiri ya frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ulihesabiwa kwa kete, na kete kumi ni fundo moja. Kila aina ilikuwa na jina lake. Ushanga mwekundu wenye moyo mweupe uliitwa samisami, na Mwingereza Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, asema ya kuwa watu waliupa majina ya mzaha: kimalizachakula, maana mtu angetoa chakula chake apate ushanga huo, na kivunjamji, kwa kuwa wanawake waliupenda mno hata waume wakafilisika. Majina hayo bila shaka yalitungwa na wanaume.

Lakini wanawake hao hawakudanganywa kwa rahisi. Stanley, alipojitayarisha kumtafuta Livingstone mwaka 1871, ilimbidi anunue magunia 22 ya ushanga wa aina 11, naye aliogopa sana kukosea. Ushanga mweusi ulikubaliwa Ugogo, kwingine ulitupwa. Sungomaji walipendwa Ujiji na Uguha, yaani ng'ambo ya ziwa, upande wa Kalemie. Penginepo hakuna aliyewataka. Mweupe ulifaa Ufipa, Ukonongo ukadharauliwa. Tajiri wa Zanzibar aliyepeleka rangi isiyotakiwa alikuwa amepeleka mawe. Huko Ujiji sokoni fedha ilikuwa sofi, vipande vya kioo kama mrija wa kiko uliovunjika. Cameron, aliyefika mwaka 1874, aliwaona watu wenye mifuko ya sofi wakiwauzia wanunuzi asubuhi, na soko likifungwa wakizinunua tena kwa wauzaji, wakapata faida mara mbili. Wenye benki hawakuanza jana.

Stanley asema neno lingine la kutazamwa. Katika hesabu za misafara ushanga ulikuwa kama senti, nguo kama fedha, na waya wa shaba, katika inchi za ng'ambo ya Tanganyika, kama dhahabu. Kwa nini waya upite kioo? Mimi naona sababu ni hii: watu wa ng'ambo ile waliijua madini. Walijua uzi mzuri na uzi mbaya, walijua jasho la kuuvuta, hawakuweza kuuziwa uongo. Kioo hawakujua kimefanywaje wala kwao kimegharimu nini, na bei yake ilikaa mkononi mwa mwenye kukileta.

Na bei hiyo ilikuwa kali. Livingstone alipopita kwa Walunda mwaka 1854, chifu Shinte alimpa kidani cha gamba la bahari, kile ambacho machifu walining'iniza shingoni kama alama ya ukuu. Livingstone aandika ya kuwa magamba mawili ya namna hiyo yaliweza kununua mtumwa, na matano yaliweza kununua pembe ya ndovu. Magamba mawili, mtu mmoja! Kidani kile kilichopendeza kifuani mwa chifu kilikuwa na mama fulani aliyebaki analia kijijini. Na tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe ukingoni mwa Lualaba, Livingstone mwenyewe aliona watu wa misafara wakiwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Wafanya biashara wenyewe walikadiri wafu kati ya 330 na 400.

Shaba nayo haikuokoka. Msiri, aliyetoka Unyamwezi akajenga Bunkeya, alikuwa na mafundi wa uzi hodari, na sambo za Wayeke zilisifiwa mbali. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Mwaka 1906 Union Minière iliundwa, na mwaka 1911 tanuru yake ya Lubumbashi ilianza kuyeyusha. Tangu siku zile shaba ilikwenda ng'ambo kwa tani, na waya ukarudi dukani umekwisha kufanywa. Vyuma vyenye matundu vilipata kutu. Msalaba wa shaba ulibaki kama picha tu katika bendera na sarafu za Katanga za miaka ya 1960 mpaka 1963.

Lakini kwa Waluba ushanga ulipata kazi ambayo hakuna fundi wa Venezia aliyeiwaza. Wana wa chama cha Mbudye walikuwa na lukasa, ubao mdogo wa kushikwa mkononi, uliopigiliwa ushanga na simbi kwa vijiti vya chuma. Mwenye kuusoma aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu yake. Ushanga mkubwa ulikuwa mfalme, mstari wa ushanga ulikuwa safari au njia. Kidole kilisimama juu ya kipande cha kioo kilichovuka bahari, na mzee akaanza kulitaja jina la Kalala Ilunga na mambo aliyoyatenda.