Miligramu 4 kwa dakika: historia fupi ya Lasix ya mshipani

Hapa Muheto na Masisi yote jina Lasix si geni. Mzee akivimba miguu, akishindwa kulala chali kwa sababu pumzi haitoshi, wanamchoma Lasix, na baada ya muda anaanza kukojoa na kupumua vizuri. Jina lake la kisayansi ni furosemidi. Mimi ni mtu wa agronomia, si muuguzi. Lakini nimesoma historia ya dawa hii na nimeona jambo linalotuhusu wote: moja ya madhara yake mazito halikueleweka kwa kuhesabu miligramu peke yake. Lilieleweka watu walipoanza kuhesabu na dakika.

Kwetu shambani jambo hilo linajulikana. Dawa uliyopima kwenye ndoo ni hesabu moja, mwendo wako na pompi mgongoni ni hesabu nyingine. Ukibadilisha mwendo, mmea unapata kitu tofauti, hata kama ulipima sawa kabisa.

Tuanze mbali kidogo, Vienna, Austria, mwaka 1919. Mwanafunzi wa udaktari, Alfred Vogl, alikuwa anamchoma mgonjwa wa kaswende dawa yenye zebaki iliyoitwa Novasurol. Kwenye karatasi ya wodini ambako mkojo ulikuwa unaandikwa kila siku, aliona kwamba mkojo umeongezeka sana siku za sindano. Angalia hapo: bila mtu wa kupima na kuandika, hakuna ugunduzi. Kwa karibu miaka 40 baadaye, dawa za zebaki ndizo zilizotumika kutoa maji kwa wagonjwa wa moyo. Ziliokoa wengi, lakini zilikuwa na sumu, na kuna wagonjwa waliokufa ghafla baada ya kuchomwa kwenye mshipa. Mwisho wa miaka ya 1950 vikaja vidonge visivyo na zebaki, na watu wakapumua.

Miaka ya 1960 zikafika dawa mbili zenye nguvu kuliko zote za mbele: asidi etakriniki, na furosemidi ya kampuni ya Hoechst ya Ujerumani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964. Furaha ilikuwa kubwa. Madaktari wakaanza kujaribu dozi kubwa sana kwa wagonjwa ambao figo zao zilikuwa zimechoka, wakitumaini kuzilazimisha zitoe mkojo.

Mwaka 1965, madaktari Maher na Schreiner wa Marekani waliandika kwamba baadhi ya wagonjwa waliopewa asidi etakriniki walipoteza uwezo wa kusikia. Baadaye zikaja habari kama hizo kuhusu furosemidi. Wengi walirudia kusikia baada ya saa chache. Wengine hawakurudia.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1970, pale Wajerumani wawili, Heidland na Wigand, walipopima masikio ya wagonjwa wa figo waliokuwa wanapewa furosemidi nyingi. Waliona kwamba mwendo wa kuingiza dawa una uzito mkubwa: ikiingia mbio, masikio yanaumia, ikiingia polepole, hatari inapungua sana. Sababu inaeleweka. Dawa hii inafunga mlango wa chumvi ndani ya figo, na mlango wa ukoo uleule uko pia ndani ya sikio, unaotunza maji ya sehemu ya kusikia. Dawa ikifika yote kwa mara moja, sikio linazidiwa.

Kutoka hapo ndipo inatoka sheria ambayo wanafunzi wa uuguzi wanaikariri: isipite miligramu 4 kwa dakika. Kwa dozi ndogo vitabu vinatofautiana; kuna vinavyoruhusu miligramu 20 hadi 40 kwa dakika 1 au 2. Dozi ikiwa kubwa, vinakutana kwenye 4. Na kama figo zimeharibika sana, miongozo ya Uingereza inashuka hadi 2.5.

Sasa tuilete nyumbani. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima, na furosemidi ilikuwemo. Katikati ya miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika zone za afya 306. Hivyo dawa iliweza kufika hadi vijijini. Mashine ya kusukuma dawa kwa kipimo, ambayo hospitali za Ulaya zinayo kando ya kitanda, haikufuata. Huku kwetu mashine ni saa ya muuguzi na macho yake.

Tupige hesabu. Ampule ya kawaida ina miligramu 20 katika mililita 2. Daktari akiandika miligramu 80, hizo ni ampule 4, na kwa sheria ya 4 ni dakika 20. Nani atashika sindano dakika 20 usiku, akiwa peke yake na wodi imejaa? Ndiyo maana dozi kubwa inatiwa kwenye serumu. Chukua miligramu 120, yaani mililita 12, ndani ya mililita 100 za serumu ya chumvi (si ya sukari, maana ina asidi na dawa inaweza kuganda). Jumla ni mililita 112, kwa dakika zisizopungua 30. Mpira ukiwa wa matone 20 kwa mililita, ni matone 75 hivi kwa dakika, si zaidi. Kwa figo mbovu sana, dakika 48, matone 46. Na kama mgonjwa yuko pia kwenye gentamisini, uangalifu uongezeke, kwa sababu nayo inaumiza masikio.

Kuna na mtoto wa kwashiorkor, ambaye huku Kivu tunamfahamu vizuri. Naye anavimba, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unakataza kumpa dawa ya kukojosha kwa ajili ya uvimbe huo. Kwake hakuna mwendo salama. Anatibiwa kwa chakula maalumu na uangalizi.

Kwa ninyi mnaosoma uuguzi, ombi langu ni dogo. Kwenye fishi ya mgonjwa msiandike tu "Lasix 80". Andikeni saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Ni wino kidogo. Mzee aliyetoka pumzi ikiwa imetulia anapaswa kufika nyumbani akiwa bado anasikia wajukuu wake wakimwita.