Mwanafunzi, Bustani na Mtoto: Mafunzo kwa Vitendo Yafuate Kalenda ya Nani?

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa. Mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, ileile inayosifiwa kwa kulisha nchi. Ghala limejaa mahindi, na mtoto wa nyumba hiyohiyo hakui. Tatizo, kwa sehemu kubwa, limekaa kati ya ghala na kinywa cha mtoto: mboga gani imepikwa, amelishwa mara ngapi, nani amebaki naye mama akiwa shambani. Hapo kilimo na malezi ni jambo moja. Vyuo vyetu ndivyo vinavyolikata vipande viwili.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inaweka lishe na malezi yenye mwitikio kwenye fungu moja, pamoja na afya, ujifunzaji wa awali na ulinzi. Lakini wanafunzi wakienda fildi, wa kilimo hubisha hodi na mbegu, wa ustawi wa jamii hubisha hodi na dodoso, nyumba ileile, mama yuleyule.

Niliwahi kusimamia wanafunzi katika kata moja pembezoni mwa Manispaa ya Morogoro. Tulimkuta mama mpangaji akimwagilia bustani ya gunia kwa maji aliyooshea mboga. Alichagua gunia kwa sababu akihama anahama nalo. Kando yake, mwanawe wa miaka mitatu alishika kopo lililotobolewa kwa msumari. “Usizamishe, mwanangu, mwagia pembeni. Hilo jani linaitwaje?” Mtoto akajibu, “Tembele.” Wakaendelea hivyo kama robo saa. Jioni nikasoma daftari la mwanafunzi: “Somo la malezi halikufanyika, mama alikuwa bustanini.”

Simlaumu kijana huyo. Fomu aliyopewa ilihesabu vikao na mahudhurio. Haikuwa na mahali pa kuandika mazungumzo yale. Na yale ndiyo malezi yenye mwitikio: mzazi anauliza, mtoto anajibu, mikono ikifanya kazi.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba kijana asiye na mtoto hana la kumfundisha mama wa watoto wanne. Akina mama wenyewe hawafichi: “Wewe mwanangu, umezaa wangapi?” Pingamizi hili lina uzito, na jibu langu ni kwamba mwanafunzi aanze na anachokijua. Anajua kwa nini nyanya zimenyauka ghafla zikiwa bado kijani, na kwa nini mboga huoshwa kabla ya kukatwa. Anajua kwamba tone la mafuta kwenye matembele humsaidia mtoto kunufaika na vitamini A iliyomo. Akishaaminiwa kwa hayo, anaweza kulileta hata suala la kumchapa mtoto kiboko bila kufungiwa mlango. Katika mengine yote yeye ndiye mwanagenzi.

Kikwazo kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kalenda. Fildi huangukia likizo ndefu, kati ya Julai na Septemba. Morogoro wakati huo ni kiangazi. Ndoo ya maji ina bei, na wa kwanza kunyimwa ni mchicha. Mwanafunzi anapanda, anapiga picha, wiki nane zinakwisha, anaondoka. Familia inabaki na tuta kavu. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne tu, kwa hiyo muda si mfupi kwa mmea. Ni mfupi kwa uhusiano, na umewekwa msimu usio wake.

Chuo kilichozungukwa na mitaa, kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hakihitaji kungoja likizo. Wanafunzi wawili, mmoja wa kilimo na mmoja wa masuala ya familia, wakabidhiwe familia moja kuanzia mvua za vuli hadi mwisho wa masika, saa mbili kila Jumamosi. Tathmini nayo ibadilike: msimamizi arudi kuitazama bustani miezi mitatu baada ya mwanafunzi kuondoka, kisha ndipo aweke alama. Ratiba hizi hupangwa na vitivo na kupitishwa na seneti. Wanaoketi kwenye vikao hivyo waanze na bustani moja, mwaka huu wa masomo.